Lile boksi la kwenye kona

Siku hizi kila tatizo lina jina moja: mtandao unasumbua. Ukurasa ukichelewa kufunguka, mtandao unasumbua. Sauti ikikatika katikati ya simu ya video, mtandao unasumbua. Namba ya uthibitisho isipokubali, ni mtandao huohuo. Mteja anapiga simu huduma kwa wateja, anasikiliza muziki dakika 20, kisha anaambiwa azime ruta, lile boksi la kwenye kona linalogawa intaneti nyumbani, asubiri nusu dakika, awashe. Na mara nyingine inapona kweli, ndiyo maana ushauri huo haufi. Leo naandika kuhusu yale ambayo kuzima na kuwasha kunayafunika tu.

Nianze na hesabu, maana ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Mkataba hutaja kasi kwa megabiti kwa sekunde, lakini kompyuta inapopakua faili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 40 kitakupa megabaiti 5 kwa sekunde, na kwa kuwa kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data kinachosafirishwa, hubeba anwani na taarifa zake za safari, utakayoiona ni 4.7 hivi. Hapo hujaibiwa. Pa kutilia shaka ni lile neno dogo "hadi". Hadi megabiti 40 ni dari, si sakafu. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, na kanuni yake ya 2015 kuhusu intaneti iliyo wazi inamlazimu mtoa huduma ya laini ya nyumbani aandike kwenye mkataba kasi ya chini kabisa, ile ya kawaida, ya juu kabisa na ile anayoitangaza. Kwa intaneti ya simu kanuni hiyohiyo imelegea: inaridhika na makadirio ya kasi ya juu na kasi iliyotangazwa. Wenye kutegemea simu pekee tumeachiwa dari bila sakafu.

Kabla ya kulalamika, pima kwa waya. Chomeka kompyuta kwenye ruta, zima Wi-Fi yake, simamisha kila kinachopakua ndani ya nyumba, halafu pima mara tatu kwa nyakati tofauti, mojawapo iwe saa tatu usiku watu wakiwa wanatazama video. Andika tarehe, saa, kasi ya kupakua na ya kupakia. Ukipata 38 asubuhi na 9 usiku, laini yako kwa kawaida ni nzima. Kilichojaa ni njia ya mtoa huduma, na hakuna ruta utakayoiwasha ikaipanua. Ukiwa unalipia 200 na kipimo kinagota kwenye 94 mchana na usiku, usipige simu kwanza. Mshukiwa ni kebo. Kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote 4 za nyuzi zilizomo ndani ya kebo, ilhali megabiti 100 hutosheka na jozi 2. Uzi mmoja wa zile jozi nyingine ukikatika, au pini ikilegea, vifaa hukubaliana kimyakimya kushuka kwenye 100, na baada ya mizigo ya safari zinabaki 94. Badilisha kebo. Isipobadilika kitu, tazama kama ruta yenyewe si ya zile zenye matundu ya megabiti 100 tu.

Kuhusu Wi-Fi sitakawia. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri lakini yamejaa: chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, kwa hiyo anayechagua 3 au 4 akidhani amekwepa majirani amewakanyaga wa pande zote mbili. Maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na masafa hayohayo. Kifaa kilicho chumba kimoja na ruta kiweke kwenye gigahezi 5. Na ruta itoke nyuma ya televisheni.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni foleni. Kipimo cha kasi kinasema safi, taa zote kijani, lakini mara mtu mmoja anapoanza kupakia picha, simu za video za nyumba nzima zinakwama. Watu hununua kifurushi kikubwa zaidi, na tatizo linabaki palepale au linapungua kidogo tu. Chanzo ni bafa, ile hifadhi ya muda ambamo boksi hupanga pakiti zinazosubiri kutoka. Itifaki ya TCP, yaani kanuni za kutuma data, inayobeba sehemu kubwa ya usafiri wa intaneti, kwa desturi huongeza mwendo mpaka ione pakiti zimeangushwa. Hapo ndipo hujua njia imejaa, ikapunguza. Boksi lenye bafa kubwa haliangushi kitu, linazipanga tu. TCP haipati habari, inaendelea kusukuma. Fanya hesabu: bafa ya kilobaiti 256 ikijaa kwenye laini inayopakia megabiti 2 kwa sekunde, huchukua sekunde nzima kuisha. Kila sauti inayotoka kwenye mdomo wako inasubiri sekunde hiyo nyuma ya picha za likizo za mtu.

Kulithibitisha hakuhitaji fundi. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ping 1.1.1.1 (kwenye Windows ongeza -t ili isisimame), uache namba za muda wa kwenda na kurudi zitiririke. Laini ikiwa tulivu utaona, tuseme, milisekunde 20 au 30. Sasa anza kupakia video kubwa mahali popote huku macho yako kwenye namba. Zikipanda hadi 60, vumilia. Zikiruka hadi 500 au 900 na kurudi chini mara tu upakiaji unapokoma, ugonjwa umejulikana.

Dawa yake ipo kwenye baadhi ya ruta kwa jina la SQM. Ukiiwasha, itakuuliza kasi. Usiiandikie namba ya kwenye mkataba. Andika asilimia 90 ya kasi uliyopima mwenyewe, kupakua na kupakia kila moja peke yake, na kwenye aina ya foleni chagua cake au fq_codel. Maana yake ni kwamba ruta inajifanya njia nyembamba kidogo kuliko ile ya mtoa huduma, ili foleni isimame kwake, ambako inaisimamia kwa haki, badala ya kusimama kwenye modemu, kifaa kinachoiunganisha nyumba na mtoa huduma, ambayo haijali. Unapoteza asilimia 10 ya kasi ambayo kwa kweli ulikuwa huwezi kuitumia. Kuna mawili ya kuangalia. Ruta yenye kichakataji dhaifu haiwezi kupanga foleni kwenye kasi kubwa, na utaona kasi yote imeporomoka chini sana ya ile uliyoandika. Pili, laini inayopanda na kushuka kila saa, kama ya mnara wa simu, haifungiki kwa namba moja. Usipokuwa na SQM, nenda kwa mkosaji mwenyewe: programu inayohifadhi picha mtandaoni. Iwekee kikomo cha kupakia, au iambie ifanye kazi saa nane usiku.

Ile namba ya uthibitisho isiyokubali mara nyingi haina uhusiano na mtandao kabisa. Tarakimu 6 zinazobadilika ndani ya programu kila sekunde 30 hukokotolewa kutokana na siri iliyohifadhiwa kwenye simu pamoja na saa ya simu hiyo. Saa ikipotea kwa dakika 2, namba zako zote ni za wakati mwingine. Rudisha saa kwenye kujirekebisha yenyewe, yataisha. Kompyuta ya mezani iliyozeeka ina maradhi yanayofanana: betri yake ndogo ya CR2032 ikifa, kila ikichomolewa umeme inasahau tarehe, na kivinjari kinaanza kukataa tovuti zote kwa madai kuwa vyeti vyao vya usalama havijaanza kutumika.

Namba zinazokuja kwa ujumbe mfupi ni afadhali kuliko kutokuwa nazo, ila zinamfuata mwenye laini, na laini inaweza kuhamishiwa kadi nyingine na tapeli aliyemdanganya mhudumu. Palipo na hiari, chagua programu au ufunguo wa siri unaokaa kwenye kifaa. Zile namba za akiba unazopewa siku ya kujiunga ziandike kwenye karatasi, maana ukizipiga picha zitakufa pamoja na simu.

Na hapa nina neno kwa wanaotunga sera za ofisini. Sheria ya kubadilisha nywila kila siku 90 bado imejaa tele, ilhali NIST, taasisi ya viwango ya Marekani ambayo mwongozo wake wa 2003 ndio wengi waliunakili, ilishaiacha mwaka 2017. Mwongozo mpya ulisema nywila isibadilishwe kwa kalenda, ibadilishwe kukiwa na dalili kwamba imevuja, na tusilazimishane herufi kubwa na alama. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa ofisini: mtu aliyelazimishwa kubadilisha Januari@1 ataandika Februari@2. Aliyeiba ya kwanza anaibashiri ya pili.

Nirudi kwenye boksi, kwa sababu ndilo mlango. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa kujaribu jozi 60 na kidogo za majina na nywila za kiwandani, basi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuilemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao, na tovuti kubwa kadhaa zikawa hazifikiki. Kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta, badilisha nywila ya msimamizi (hiyo si nywila ya Wi-Fi), zima usimamizi wa kutoka nje, zima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha vifaa kwenye Wi-Fi bila kuandika nywila. PIN ya WPS ina tarakimu 8, na ukisikia tarakimu 8 unadhani ni majaribio milioni 100. Lakini tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, na ruta huthibitisha nusu ya kwanza peke yake kabla ya nusu ya pili, kwa hiyo majaribio ni 10,000 kujumlisha 1,000. Udhaifu huo ulitangazwa Desemba 2011, na bado kuna maboksi yanayotoka na WPS ikiwa imewashwa.

Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 imepiga marufuku nywila za kiwandani zinazofanana, na inamtaka mtengenezaji aseme atatoa masasisho ya usalama kwa muda gani. Hicho cha pili kwangu ndicho kizito. Chakula cha kopo kina tarehe ya mwisho. Boksi linalobeba barua zako zote kwa kawaida halina.

Ligeuze lako sasa hivi. Kwenye kibandiko cha chini kuna jina la modeli na, kwa maandishi madogo, toleo: V1, V2, V3. Usilipuuze, kwa kuwa programu ya V2 ikilazimishwa kwenye V1 inaweza kuliua boksi moja kwa moja. Nenda tovuti ya mtengenezaji, tazama tarehe ya sasisho la mwisho la toleo lako. Kama ni la miaka 4 iliyopita, tafuta kama modeli hiyo imo kwenye orodha ya OpenWrt, programu huria inayoweza kuwekwa kwenye ruta badala ya ile ya mtengenezaji. Isipokuwamo, nunua nyingine, na hilo la zamani liondoe kwenye mlango. Kama boksi ni mali ya mtoa huduma na amekufungia ukurasa wake, mwandikie barua pepe umuulize mambo mawili: nani analisasisha, na mpaka tarehe gani. Jibu lake liweke pamoja na mkataba.