Uliandika mpaka wapi?

Juzi binti yangu alikuwa ananitajia namba ya simu ya mama wa rafiki yake, yeye anasoma kwenye daftari mi naandika kwenye karatasi, tukafika katikati mdogo wake akamwita chumbani, akaondoka mbio. Aliporudi akasimama mbele yangu, kidole bado kiko pale pale kwenye daftari, akauliza, "Baba, uliandika mpaka wapi?"

Nikabaki na kalamu mkononi mpaka akarudia swali. Namba nilikuwa nayo, ila akili ilisharudi kwenye ule usiku wa 80 02.

Ilikuwa enzi ya draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa chake, nikiwa bado na yule dada wa testi ambaye neno "bahati mbaya" alikuwa halikubali kabisa. Draiva yenyewe ilikuwa ya kadi ya grafiki isiyokuwepo, yaani mgeni, ule mfumo unaotembea ndani ya mashine pepe (kompyuta iliyoigizwa kwa programu), anaamini ana kadi yake, kumbe anayechora ni mwenyeji aliyeko nje, ile seva inayoibeba mashine pepe, na wanaelewana kupitia bafa ya duara, kipande cha memori kinachojazwa mpaka mwisho kisha kinarudi mwanzo: draiva inaandika amri neno baada ya neno, kila neno baiti 4, na kuna pointa mbili, yaani alama za mahali, moja inasema mgeni ameandika mpaka hapa, nyingine inasema mwenyeji amesoma mpaka hapa. Mwenyeji akiona pointa hazilingani anajua kuna kazi. Draiva niliyoikuta ilikuwa inaandika neno moja inasogeza pointa, neno moja inasogeza pointa, na ilikuwa imefanya kazi hivyo miaka bila mtu kulalamika.

Tatizo likaja tulipoanza kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine zikiwa zinatembea, bila kuzizima. Huo uhamishaji kwangu mpaka leo ni kitu cha kushangaza, kurasa za memori za baiti 4096 zinakopiwa kwenda seva ya pili huku mgeni anaendelea kuzichafua, yaani kuziandika upya, zilizochafuka zinatumwa tena na tena, zikibaki chache ndo prosesa inasimamishwa, mabaki yanavuka, na mgeni anaamka ng'ambo bila kujua alilala. Mwaka 2005 watu wa Cambridge na Xen yao, programu ya kuendesha mashine pepe, walionyesha wanahamisha seva ya Quake 3 wachezaji wakiwa ndani ya gemu, na kusimama kwenyewe kulikuwa kama milisekunde 60 tu. QEMU, programu nyingine ya aina hiyo, usipoigusa inajiwekea kikomo cha milisekunde 300. Kupepesa jicho tu.

Sasa kwetu mashine zilikuwa zinavuka salama, mtandao upo, diski ipo, programu zinaitika, ila mara moja moja skrini inakufa. Inabaki picha ile ile ya mwisho, saa ya pembeni imeganda. Dada wa testi aliandika skripti ya kuihamisha mashine moja kwenda na kurudi usiku kucha, asubuhi anakuja na logi, orodha ya yaliyotokea, "Kaka, imelala tena, mara mbili." Mi najibu labda mtandao, yeye ananiangalia tu. Wiki nzima nikaimalizia kwenye makufuli, yale ya ndani ya programu yanayozuia wawili wasiandike kwa pamoja, nikaweka kufuli kila mahali palipoandika amri, nikazima na intarapti, miito inayoikatiza prosesa kazi yake, wakati wa kuandika, nikamwambia mkuu imeisha. Haikuisha.

Basi ule usiku nikaamua niisimamishe mashine iliyolala ng'ambo, nikamwaga bafa yote kwenye skrini kwa heksa, hesabu ya tarakimu 16, na nikaanza kuisoma kwa macho, baiti moja moja, na penseli.

Amri tuliyokuwa tunaitumia zaidi ni ile ya kunakili mstatili, madirisha yakisogea ndo hiyo hiyo. Ina maneno 7: namba ya amri ambayo ni 3, halafu x na y ya chanzo, x na y ya kwenda, upana, urefu. Baiti 28. Ukishazizoea unaziona kwenye heksa kama unavyoona uso wa mtu, 03 00 00 00 kisha namba sita, 03 00 00 00 kisha namba sita, wimbo mmoja. Nikawa nashuka nazo na penseli mpaka pale pointa ya kusoma iliposimama. Na pale hapakuwa na 03. Palikuwa na 80 02 00 00, kisha 12 00 00 00, kisha c8 00 00 00, kisha 18 00 00 00, na baada ya hapo wimbo unaendelea kama kawaida, 03, namba sita, amri nyingi tu zimejipanga foleni zinasubiri mtu wa kuzisoma.

Nikazigeuza kwa mkono ziwe namba za kawaida, nikikumbuka kwamba baiti ndogo ndo inatangulia. 640. 18. 200. 24.

Nikaziangalia sana zile namba nne. Amri namba 640 haipo kwenye kadi ile. Lakini 200 kwa 24 nilikuwa naijua, ni kipande cha saa, ile saa ya pembeni ya skrini ilikuwa na upana wa pikseli 200 na urefu wa 24, na mahali pake ni 640, 18. Ilikuwa nusu ya pili ya amri ya kuchora saa. Nikafungua dampu, yaani nakala ya memori, ya upande wa kwanza, ya ile seva mashine ilikotoka, nikaenda mwisho kabisa wa vilivyosomwa, na pale zipo: 03 00 00 00, chanzo x, chanzo y. Maneno matatu. Basi.

Kwa hiyo mgeni alisimamishwa akiwa ametamka maneno matatu kati ya saba. Mwenyeji wa kule alishayachukua matatu, akayaweka kichwani mwake akisubiri manne, na kilichokuwa kichwani mwake hakikupandishwa safari. Mwenyeji wa huku akaanza upya na kichwa kitupu. Mgeni akaamka, hana habari, akaendelea na neno la nne, na mwenyeji mpya akasikia "640" akadhani ndo mwanzo wa sentensi. Akaganda pale, na foleni yote nyuma yake.

Nilisimama nikazunguka meza. Kilichonichoma ni makufuli. Kufuli linamzuia mwenzako aliye ndani ya nyumba moja na wewe, nyuzi nyingine za programu, prosesa nyingine, wote wanaoheshimu mlango. Anayehamisha mashine yuko nje, ananyanyua nyumba nzima na mlango wake na kufuli lake na wewe ndani ukiwa na mkono juu ya kitasa. Kuzima intarapti hakumhusu, hizo ni za mgeni, yeye anasimamisha prosesa yenyewe kati ya agizo na agizo. Nilikuwa nimeomba ulinzi kwa mtu ambaye hakuwa hata na namna ya kuniona.

Dawa ya kwanza nikaiandika usiku ule ule: maneno yote 7 yanaandikwa mbele ya pointa bila kuigusa, kisha kizuizi cha memori ili kompaila (inayoitafsiri programu kwa lugha ya mashine) na prosesa zisije zikapanga mambo kivyao, kisha pointa inasogezwa mara moja tu kwa baiti 28. Kuandika neno moja la biti 32 lililokaa sawa kwenye anwani yake ni kitu kimoja, ama kimetokea ama hakijatokea, hakuna katikati pa kukamatwa. Kwa hiyo mwenyeji ama anaona amri nzima ama haoni kitu. Nikamtumia dada wa testi nikaenda kulala nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Asubuhi, "Kaka, imelala."

Hii ya pili ilikuwa chungu zaidi ila ilikuwa fupi. Kwenye dampu mpya mwanzo wa amri ulikuwa masifuri matupu halafu mkia sahihi. Kumbe mwenyeji akipakia bafa hachukui yote, anachukua vilivyo kati ya pointa mbili, kwake vingine ni takataka. Mi nilikuwa nimeandika maneno manne kimya kimya mbele ya pointa, nikanyanyuliwa, manne yakaachwa kule, nikaamka nikamalizia matatu nikasogeza pointa kwa uhakika kabisa. Amri nzima kwa upande wangu, kwa upande wake sifuri.

Nikarudi kwenye karatasi za kadi na jibu lilikuwepo siku zote, rejista moja, yaani sehemu ya kuandikia namba, kule kule mwanzoni mwa bafa, ya kusema nimetenga baiti kadhaa mbele ya pointa na zina vitu vya kweli. Unaandika 28 pale kabla hujagusa neno la kwanza, unaandika maneno yako, kizuizi, unasogeza pointa, unarudisha sifuri. Ukinyanyuliwa katikati, mwenyeji anajua abebe na zile 28. Ukinyanyuliwa baada ya kusogeza pointa kabla hujarudisha sifuri, anabeba baiti 28 za ziada zisizo na maana, haidhuru. Niliipitia kila hatua na dada wa testi, yeye anaweka kidole kati ya mstari na mstari anauliza, "Akinisimamisha hapa?" mi najibu, mstari unaofuata, "Na hapa?" Tulipofika chini akasema sawa, akaiwasha. Ikapita usiku huo, ikapita na wiki.

Binti yangu nilimsomea tarakimu nilizokuwa nazo, akasogeza kidole chake, akaendelea kutoka pale.

Lakini kuna amri za kishale cha mausi. Zile ni ndefu, zinabeba picha ya kishale chenyewe, urefu unabadilika, na zilikuwa zinapita kwenye fankisheni ya zamani, neno moja pointa inasogea, neno moja pointa inasogea. Nilijua. Nilipanga kuzihamishia kwenye njia mpya nikarudishwa kwenye kazi nyingine, nikaacha mstari mmoja wa maelezo juu ya fankisheni kwamba hii bado, halafu nikaondoka pale. Kishale hakibadiliki mara nyingi, ndo nilivyojiambia. Ila kila nikisikia mtu anasema mashine ilihamishwa usiku na asubuhi skrini imeganda, mkono wangu wenyewe unatafuta penseli.