Pumzi Iliyokuwa Ikikatika Usiku

Nilianguka kutoka juu ya mkarafuu katika msimu wa mavuno wa mwaka 2016, kijijini kwetu karibu na Wete, nikavunjika pingili mbili za uti wa mgongo. Tangu hapo nilitumia tramadoli, dawa ya maumivu, kila siku, vidonge viwili vya miligramu 50 asubuhi, mchana na usiku, na baadaye nikaongezewa diazepamu ya kulegeza misuli wakati wa kulala. Maadamu maumivu yalitulia, sikuona sababu ya kuuliza jambo jingine.

Aliyegundua tatizo ni mke wangu. Katika Ramadhani ya mwaka 2021, alipokuwa akiamka kupika daku, alinikuta mara kadhaa nimelala kimya, kifua hakipandi wala hakishuki, kisha ghafla ninavuta pumzi kwa nguvu kama mzamiaji anayeibuka. Jirani walisema ni jinamizi, wala sikuwalaumu, kwani mimi mwenyewe niliamka kila siku na kichwa kizito na nilisinzia hata wakati wa hotuba ya Ijumaa. Mke wangu hakubishana na mtu. Alikaa kando ya kitanda na saa mkononi, akahesabu sekunde, ambazo usiku mwingine zilifika 25, na akaziandika zote katika daftari.

Kituo cha kwanza tulichokwenda hakikulifungua daftari lile. Tuliambiwa kwamba watu wa umri wangu hukoroma. Mimi sikoromi, na jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko tulivyojua. Daktari wa pili alisoma kila ukurasa, akataka kuona dawa zangu zote, ndipo akatueleza kwamba apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala, ina sura zaidi ya moja: ipo ya koo kuziba huku kifua kikipigania hewa, ambayo mara nyingi huja na kukoroma, na ipo ya ubongo wenyewe kutotoa amri ya kupumua. Dawa za jamii ya afyuni, tramadoli ikiwemo, hupunguza uwezo wa shina la ubongo kuhisi hewa ukaa inapozidi katika damu, na diazepamu ikichanganywa nazo huzidisha hatari. Kipimo cha usiku mzima nilichofanyiwa Dar es Salaam, nikiwa nimefungwa mikanda kifuani na tumboni, kilionyesha kwamba pumzi yangu ilikatika au kupungua sana mara 34 kwa saa, ilhali zaidi ya 30 huhesabiwa kuwa hali kali, na mara nyingi kifua hakikufanya juhudi yoyote.

Nilitaka kuziacha dawa zote siku ile ile. Daktari alinikataza kabisa, kwa sababu tramadoli ikikatwa ghafla huleta jasho, kuharisha na kukosa usingizi, na diazepamu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege. "Mzee wangu," aliniambia, "tutateremka tawi kwa tawi." Mashine ya kumsukumia mgonjwa hewa akiwa amelala aliiweka akiba, kwa kuwa kwa apnia ya namna yangu haisaidii kila mtu.

Diazepamu iliondolewa kwanza, kidogo kidogo, kisha tramadoli ikapunguzwa kidonge kimoja kila baada ya wiki sita, tukianzia na vya usiku. Kidonge cha tatu ndicho kilichonitesa kuliko vyote. Mgongo uliwaka, nikalia mbele ya wanangu, na lau si mke wangu kunikanda kwa maji ya moto kila jioni, pamoja na parasetamoli na mazoezi niliyofundishwa na mtaalamu wa viungo, ningerudi nyuma. Daktari aliniruhusu kukaa hapo miezi mitatu kabla ya kuendelea, na nadhani ruhusa ile ndiyo iliyoniokoa.

Sasa natumia vidonge viwili tu kwa siku, vyote kabla ya alasiri. Kipimo cha pili kilionyesha mara 9 kwa saa. Maumivu yapo, sipandi tena mkarafuu, lakini kichwa cha asubuhi kimekuwa chepesi na hotuba ya Ijumaa naisikiliza hadi mwisho. Ramadhani iliyopita mke wangu aliamka kwa daku kama kawaida yake, akasimama mlangoni akinisikiliza, kisha akaenda kuwasha jiko.