Nilivyomtambua kaa wa vidonge vya mchanga

Kwa miaka mingi nilivikanyaga vile vidonge vidogo vya mchanga pale ufukweni Gazi, kusini mwa Mombasa, nikiamini ni kinyesi cha minyoo. Mwanangu ndiye aliyenibana siku moja: "Baba, nani anavifinyanga?" Sikuwa na jibu.

Mwanzoni nilikosea kwa haraka. Nikiona kitu kinasogea nakirukia, na mchanga unabaki mtupu. Shangazi, aliyezeekea kwenye kuokota tondo na chaza, akaniambia: "Mwanangu, keti kitako. Ukitulia watatoka wenyewe."

Nikangoja bamvua, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalipokupwa mbali nilichuchumaa penye vidonge vingi, nikatulia tuli. Si muda mrefu, shimo jembamba kama kalamu likafunguka, akatoka kaa wa mviringo, mdogo kama njugu mawe. Akawa anachota mchanga kwa gando la kulia, kisha la kushoto, anautia mdomoni. Humo huchambua mwani mdogo usioonekana kwa macho na mabaki yaliyooza, mchanga uliobaki ukawa kidonge, akakikata kwa gando na kukisukumia nyuma. Akasogea hatua, akaanza tena. Vidonge vikajipanga kwa mistari inayotoka kwenye shimo lake kama miali ya jua. Nilisahau kabisa kwamba miguu imekufa ganzi.

Kumpa jina ndiko kulikonichosha. Nilimdhania gongo, yule kaa dume mwenye gando moja kubwa, lakini huyu magando yake yalilingana. Basi labda ni jike lake? Nalo lina magando madogo mawili, ila gamba lake ni bapa na hupenda tope la mikokoni. Watoto wa kaa wakimbiao usiku nao wana macho makubwa, ila mashimo yao huwa juu zaidi ufukweni. Huyu wangu alikuwa katikati ya pwani, kwenye mchanga unaobaki na unyevu hata maji yakiondoka. Mahali penyewe palinisaidia kuliko rangi yake, maana rangi yake ni ya mchanga ule ule.

Kilichomaliza ubishi ni miguu. Nilimweka mmoja kwenye gilasi yenye maji kidogo ya bahari, nikamtazama kwa kioo cha kukuzia. Kwenye mapaja yake palikuwa na viwambo vyembamba vya duara dufu, mfano wa vidirisha. Jina lake la kitaalamu ni Dotilla fenestrata, kaa aliyeelezwa kisayansi na Mjerumani Franz Hilgendorf mwaka 1869, na hilo jina la pili maana yake ni "mwenye madirisha". Zamani wataalamu walidhani vidirisha hivyo ni masikio. Baadaye ikabainika kuwa kaa hawa huvuta hewa kwa kupitia hapo.

Nilimrudisha karibu na shimo lake. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na kabla hayajamfikia alikuwa ameshazama ndani na kuziba mlango. Mwanangu alibaki akitazama vidonge vikiyeyuka kimoja kimoja, akaniuliza bamvua ijayo ni lini.