Makato ya dola 198.90

Ijumaa iliyopita slipu ya mshahara wa kambi ya kiangazi niliyofundisha huku Marekani iliingia kwenye simu nikiwa kwenye foleni dukani. Mkataba ulisema dola 2,600 kwa wiki tatu. Kodi ya mapato nilikuwa naitarajia, sina ugomvi nayo. Kilichonitoa kwenye foleni ni mistari miwili ya chini, Social Security (mafao ya uzeeni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), jumla dola 198.90. Kwa shilingi za Tanzania ni karibu laki tano, na amekatwa mtu ambaye sheria ya nchi hii yenyewe inasema asikatwe. Nilirudisha kuku kwenye friji ya duka, nikanunua mayai.

Nieleze kazi yenyewe kwanza, maana wadogo zangu wengi wananiuliza inbox, "Dada, hizo kazi za kufundisha watoto wenye vipaji wakati wa kiangazi zinalipa?"

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu wa hesabu. Posho ya chuo ni ya miezi tisa. Inakatika Mei, na ya kwanza ya mwaka mpya naiona mwisho wa Septemba. Katikati hapo mwenye nyumba anataka dola zake 780 kila mwezi, na nyumbani kuna mdogo wangu aliye chuo ambaye Bodi ya Mikopo imempa asilimia ya kumtosha nusu muhula. Kwa hiyo kila ikifika Februari sisi wa posho ya miezi tisa tunaanza kutafuta pa kushika kiangazi, na kambi hizi ndizo zinazotupokea, pamoja na walimu wa shule za kawaida walio likizo na wahadhiri wa mikataba ya muhula mmoja mmoja.

Mtindo wenyewe una historia yake. Mwaka 1971 Julian Stanley, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alianzisha utafiti wa watoto wenye kipawa cha hesabu. Aliwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, ule ambao kaka na dada zao wa miaka 17 huufanya kuombea chuo. Wakapatikana wanaowashinda hao wakubwa. Mwaka 1979 chuo kikafungua kituo maalumu kwa ajili yao, vyuo vikuu vya Duke na Northwestern vikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa kambi za namna hii zimejaa kila kona, kubwa na ndogo. Niliyofundisha mimi ni ndogo, imeiga tu. Inakodi mabweni ya chuo kimoja huko Pennsylvania wakati wanafunzi wenyewe wako likizo.

Sisi tuliosoma shule za vipaji maalumu za Tanzania, Kilakala, Mzumbe, Ilboru, Kibaha, Tabora au Msalato, jambo hili si geni. Tofauti ni kwamba sisi tuliitwa kwa majina kwenye matokeo ya darasa la saba, tukafunga tranka, serikali ikatupokea. Hapa mzazi analipa. Kambi yangu ilimtoza kila mtoto dola 5,900 kwa wiki tatu, ukiacha wachache waliopunguziwa ada. Darasani kwangu walikuwa 16. Ada kamili ya darasa moja ni dola 94,400. Mimi nilipewa 2,600, msaidizi wangu, kijana wa chuo mwaka wa tatu, akapewa 1,300. Najua kuna mabweni, bwalo, nesi, bima, na vijana wanaolala na watoto kama mapatroni na mamatroni. Bado, walioshika chaki walipata senti nne katika kila dola.

Saa za kazi zilikuwa hivi. Asubuhi masaa matatu, mchana mawili, na prepu ya usiku mawili. Saba kwa siku, siku tano kwa wiki, ni masaa 105 mbele ya watoto. Ongeza siku tatu za semina kabla hawajafika, maandalizi ya kila usiku, na ripoti ya maneno kwa kila mtoto. Sizungumzii alama, nazungumzia ukurasa mzima wa maelezo unaokwenda kwa mzazi. Ripoti moja ilinichukua saa moja na nusu. Niliandika kila kitu kwenye daftari, ikafika masaa 183. Gawanyeni wenyewe, ni dola 14 na senti kidogo kwa saa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la baga lenye bango dirishani: tunaajiri, dola 15 kwa saa.

Na wale vijana wa mabwenini ndio walionisikitisha zaidi. Wanaamka na watoto, wanalala baada ya watoto, na malipo yao ni ya mkupuo. Sheria ya shirikisho ya mishahara, ile ya mwaka 1938, ina kifungu kinachoziruhusu kambi zisizofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka zisifuate kima cha chini wala ovataimu. Kima chenyewe cha shirikisho ni dola 7.25, hakijasogea tangu 2009. Mtu akikwambia Marekani kila saa inalipwa, mwambie asome mkataba vizuri.

Sasa nirudi kwenye 198.90, kwa sababu wapo watakaofikwa na hili. Mwanafunzi wa viza ya F-1 au J-1 ambaye kwa hesabu za kodi bado si mkazi, na kwa kawaida hiyo ni miaka mitano ya kalenda ya kwanza, hakatwi Social Security wala Medicare kwenye kazi iliyoruhusiwa na viza yake. Mimi niko mwaka wa tatu. Nilimwandikia mhasibu wa kambi kwa adabu zote. Akajibu kwamba kila mfanyakazi hukatwa, ndivyo mfumo ulivyo. Nikamtumia Chapisho namba 519 la mamlaka ya kodi, nikampigia mstari pale panapohusika. Kimya. Akikataa moja kwa moja nitajaza Fomu 843 pamoja na 8316, niambatanishe slipu, nakala ya viza na I-20 (hati ya chuo inayoonyesha wewe ni mwanafunzi wake), nipeleke kwa mamlaka ya kodi wenyewe. Itachukua miezi. Lakini ni haki yangu, sitaiacha. Mkiona makato hayo kwenye slipu zenu msiseme "ah, ndiyo nchi za watu." Ombeni mrudishiwe.

Na kabla ya slipu kuna kibali. Kazi hii iko nje ya chuo chako, kwa hiyo mwenye F-1 anahitaji CPT, kibali cha mafunzo kwa vitendo, nacho kiwe kimeandikwa kwenye I-20 kabla hujatia mguu kwenye semina ya kwanza. Idara yako lazima ikubali kwamba kazi ni sehemu ya masomo yako. Ukianza siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa umevunja masharti ya viza, na hapa hakuna kumjua mtu. Pennsylvania nayo inataka vyeti vitatu kwa anayefanya kazi na watoto: cha polisi wa jimbo, cha kumbukumbu za ukatili dhidi ya watoto, na alama za vidole za FBI. Anzeni Machi. Mwenzangu mmoja kutoka Nakuru alianza Mei, akakosa nafasi huku tayari ameshaacha chumba chake.

Nimelalamika, na nina haki. Lakini niseme na yaliyotokea darasani, la sivyo nitakuwa nimewadanganya.

Nilipewa somo la nadharia ya namba. Kambi nyingi za hesabu huanzia hapo, tangu Arnold Ross aanzishe yake mwaka 1957, kwa sababu mtoto hahitaji kujua mengi kabla ya kuanza kufikiri. Siku ya kwanza niliwaambia waniite Mwalimu. Wenzangu wote waliitwa majina yao ya kwanza, na mimi hilo la mtoto wa miaka 12 kuniita jina langu nilishindwa kulizoea. Walilipenda hilo neno. Kufika Jumatano kambi nzima ilikuwa inaniita Mwalimu, mpaka mama wa bwaloni aliyekuwa akinijazia wali sahani mbili bila kuulizwa.

Siku hiyohiyo ya Jumatano mzazi mmoja aliandika barua pepe kuuliza kama mtoto wake anaweza kuhamishiwa kwa mwalimu "mwenye lafudhi aliyoizoea." Mkuu wa kambi aliniletea ile barua kama ilivyo, bila neno lake hata moja. Mtoto mwenyewe hakuwahi kuomba nirudie sentensi. Nililala nayo usiku kucha, nikiwaza miaka minne niliyofundisha Singida, darasa la watoto themanini na ushee, chaki nikinunua mwenyewe, na hakuna mzazi aliyewahi kuuliza natamkaje.

Asubuhi yake niliingia darasani nikachora saa ubaoni. Nikawaambia: kwetu jua likichomoza ni saa kumi na mbili, saa moja baadaye ni saa moja. Sasa hivi saa zenu zinasema kumi, mimi nasema saa nne. Nani anipe kanuni ya kutoka kwangu kuja kwenu?

"Ongeza sita," wakasema. Na kutoka kwenu kuja kwangu? Wengi wakaandika "toa sita." Binti mmoja mdogo, anayekaa amekunja miguu juu ya kiti, hakuandika kitu. Akasema, "Mwalimu, ni kuongeza sita tena. Kumi ongeza sita ni kumi na sita, toa kumi na mbili, nne." Darasa likanyamaza, kila mmoja akijaribu kwenye karatasi yake. Kweli. Ukiongeza sita mara mbili kwenye saa ya namba kumi na mbili umerudi ulipoanzia.

Kwetu somo lingeishia hapo, kipindi cha dakika 40 kimekwisha na nje kuna mwalimu wa Kemia anasubiri. Huku nilikuwa na masaa matatu. Kijana mmoja akauliza kama kuna namba nyingine yenye tabia hiyo. Wakajaribu zote, hakuna, ila sifuri. Mwingine akauliza, na watu ambao siku yao imegawanywa mara kumi? Tano. Na siku za wiki, saba? Hapo walikwama mpaka chakula cha mchana, wakaondoka wakibishana, wakarudi wakibishana. Saa nane mchana, kwa saa yetu, yule binti akaja ubaoni akaandika kwamba mara mbili ya namba hiyo lazima igawanyike kwa saba, na saba haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo namba yenyewe ndiyo igawanyike kwa saba, yaani hakuna ila sifuri. Mkono wake ulikuwa umejaa vumbi la chaki mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kwenye kiti cha mwanafunzi, machozi yananilenga.

Tangu siku hiyo watoto sita waligeuza saa zao za mkononi. Msaidizi alikuwa akitangaza prepu ni saa moja usiku, na hakuna aliyechelewa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama inalipa, jibu ni kwamba ukija kwa ajili ya pesa utaumia. Ukija unajua masaa yako, makato yako na kibali chako, utakula bure wiki tatu, utalala bure, na utafundisha kama nilivyoota kufundisha siku niliyopangiwa kituo.

Usiku ule wa saa nilimtumia kaka mmoja tuliyefundisha naye Singida picha ya ubao, pamoja na swali. Wiki iliyofuata alinitumia sauti ya dakika nne. Alilitoa kidato cha pili, kipindi cha mwisho, jua kali. Kwao swali lilikuwa rahisi kuanza, saa yenyewe ni ya kwao. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye alisema hajawahi kumsikia akizungumza, alisimama akasema: "Wiki haiwezi, Mwalimu, saba haina nusu." Basi. Uthibitisho mzima kwa maneno sita. Halafu kengele ikalia, akaenda kuchota maji ya walimu.

Nimeisikiliza hiyo sauti mara nyingi kuliko nilivyoisoma slipu. Kichwa ni kilekile. Yule wa Pennsylvania ana wiki tatu za dola 5,900, huyu ana kengele.

Kaka aliniuliza kama tunaweza kukusanya wasichana kumi likizo ya Desemba, wiki moja, madarasa ya shule yakiwa wazi. Mkuu wa shule amekubali kutoa darasa moja na jiko. Tumepiga hesabu pamoja kwenye simu: unga, mchele, maharage, mafuta, kuni, madaftari, chaki, na posho ya mama wa kupika. Imekuja laki nne na themanini. Mhasibu wa kambi hajajibu bado, na fomu ya mamlaka ya kodi inaweza isirudishe kitu mpaka mwakani, kwa hiyo nitatanguliza zangu, kisha hizo 198.90 zikija zitarudi mahali pake. Nimeshamwambia kaka aanze kuandika majina, na la kwanza liwe la yule wa dawati la nyuma.