Usimuulize Kama Anakukumbuka

Asubuhi ile nilimfuata kaka yangu kwa nyuma kama mwizi, ushungi nimeuvuta hadi machoni, kutoka kibarazani petu Mikindani, Mtwara, mpaka pwani wanakoshusha samaki. Ni mwendo wa dakika kumi tu. Njia hiyo aliipita tangu utotoni, na kwa miaka 15 ya uvuvi aliipita gizani akienda kusukuma mashua. Lakini ilikuwa Julai 2019, na kwa miezi minane hakuwa amevuka uzio wa ua peke yake.

Ajali ilimkuta msimu ule wa korosho wa 2018, serikali iliponunua korosho zote na wanajeshi wakaja kuzisomba. Alikuwa anafuatilia malipo ya mama. Alipanda bodaboda, hakuvaa kofia ngumu, pikipiki ikateleza kwenye mchanga. Damu ikavia ndani ya fuvu. Alisafirishwa hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, akapasuliwa, akalala siku 11 hajitambui.

Aliporudi anatembea, anakula mwenyewe na kovu limefunga, mtaa mzima ulisema alhamdulillahi, kapona. Na sisi tulisema hivyo hivyo. Tulitoka hospitali na dawa za kuzuia kifafa na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyetuketisha akatuambia kwamba jeraha la ubongo halionekani kwa macho, na kwamba kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Hilo linaniuma hadi leo.

Alikunywa chai, baada ya robo saa akauliza mbona leo hakupewa chai. Redio ikilia na watoto wakipiga kelele kwa pamoja, alirusha kikombe ukutani. Saa nne asubuhi alikuwa hoi kama mvuvi aliyevuta wavu wa jarife usiku kucha. Majirani wakasema mashetani, wengine wakasema bangi. Wifi yangu alikwenda kwenye ofisi moja kuulizia mkopo wa halmashauri, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengewa watu wenye ulemavu. Wakamtazama kaka mikono, wakamtazama miguu, wakasema, "Mama, huyu si mzima?"

Lakini kilichomuumiza zaidi kilitoka kwa waliompenda. Kila mgeni aliyeingia uani alimwinamia na kumuuliza kwa sauti kubwa, "Unanikumbuka? Haya, mimi nani?" Nilimwona akitokwa jasho, macho yakitafuta jina kila mahali. Akikosa, mgeni alisikitika mbele yake. Akipatia, wanapiga makofi kama wanavyompigia mtoto aliyesimama dede.

Aliyetufumbua macho ni mama mmoja wa mazoezi tiba, mtu wa Lindi, aliyeletwa na mhudumu wa afya wa mtaa wetu siku yake ya mapumziko. Tulidhani kaja kumnyoosha kaka viungo. Yeye akatandikiwa mkeka, akasema, "Niitieni majirani." Walikuja kumi na mmoja, pamoja na muuza duka wa kona, mama wa vitumbua na vijana wawili wa kijiwe cha bodaboda.

Aliwaambia hivi: "Mabaharia wote wamo chomboni. Miguu imo, mikono imo, hata aliyoyajua zamani yamo. Aliyeumia ni nahodha, aliye sehemu ya mbele ya ubongo, anayepanga lipi lianze, lipi lifuate, na anayezuia hasira. Basi msimpime. Msimuulize kama anawakumbuka. Mpeni majina yenu kwanza." Akasema tuongee naye mmoja mmoja, tumpe jambo moja kwa wakati, vitu vyake vikae mahali pale pale kila siku, na apumzike kabla hajachoka. Kifafa kikimshika alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Kisha akampa kaka kazi: Jumamosi ijayo akanunue samaki.

Ndiyo nikawa nyuma yake siku hiyo. Mfuko wa shati una karatasi aliyoiandika mwenyewe: changu, ndimu, rudi nyumbani. Hela ilifungwa mafundo mawili kwenye kitambaa, la samaki mbali, la ndimu mbali.

Muuza duka alikuwa wa kwanza. "Shikamoo kaka, mimi jirani yako wa duka la kona." Kaka aliitikia marahaba bila kutoa jasho. Mama wa vitumbua naye akajitaja, akamwachia njia. Nilikuwa nahesabu hatua zake.

Kwenye kijiwe ndipo moyo ulinishuka. Pikipiki kama sita zilikuwa zinanguruma, mmoja anapiga honi kumwita abiria. Kaka alisimama katikati ya njia, akaziba masikio kwa viganja viwili. Niliijua sura ile, ndiyo iliyotangulia kikombe kurushwa. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Kijana mmoja, kati ya wale wawili waliokaa mkekani, akainua mkono na kuzima pikipiki yake. Wa pili akazima, kisha wa tatu, hadi kijiwe chote kikawa kimya, nikasikia upepo wa kusi ukipiga makuti. Hakuna aliyesema neno. Kaka alishusha mikono, akasoma karatasi yake, akaendelea.

Nimesikia hotuba nyingi kuhusu kusaidia watu wenye ulemavu. Sijaona huduma iliyonigusa kama injini zile kuzimwa.

Pwani samaki walikuwa haba, ndivyo ilivyo wakati wa kusi, na bei imepanda. Mchuuzi akampa changu mkubwa anayeng'aa. Kaka hakumtazama rangi. Aliinua shavu kwa kidole gumba, akabonyeza mgongo, akamrudisha. "Huyu wa jana." Akachukua mdogo zaidi, akaangalia jicho, akakubali. Yule aliyesahau chai yake mwenyewe hakusahau samaki. Nikajibanza nyuma ya mashua iliyopinduliwa, nikalia.

Ndimu alizisahau. Alirudi hadi dukani na fundo la pili halijafunguliwa. Muuza duka, ambaye ndimu zilikuwa mbele yake kwenye sahani, angeweza kumpa tu. Alimwambia, "Kaka, hebu itazame karatasi yako." Kaka akaitoa, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Akafungua fundo.

Nyumbani alikabidhi mfuko, akaenda kulala bila kuvua shati. Sikumwambia kwamba nilimfuata. Aliamka adhuhuri, akamkuta wifi uani amekaa na kisu, samaki yuko kwenye sinia hajaparwa magamba.

"Nani kanunua changu huyu?"

"Wewe," wifi alisema, akamwonyesha ile karatasi.

Kaka aliitazama karatasi, kisha akachuchumaa kando ya sinia. Akainua shavu la samaki kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa kwekundu.

"Basi nilichagua vizuri," akasema, akamwomba wifi ampe kisu.