Jasho la mwili na jasho la kichwa

Aisee watu wanaongelea kujituma kama vile ni kitu cha misuli tu, mi nasema nenda Kilimanjaro uwaangalie wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mizigo ya wapanda mlima, wanavyopanda ukuta wa Barranco, ule mwamba mkali ulioko njiani. Utaratibu wa hifadhi ni kwamba mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, mzigo kichwani, begi mgongoni, na pale njia inapobana mkono mmoja umeshikilia mzigo, mwingine unatafuta pa kushika kwenye mwamba, huku macho yameshachagua mguu utue wapi kabla mguu wenyewe haujanyanyuka. Sasa hapo niambie, hiyo ni kazi ya mwili au ya akili? Mi siwezi kuitenganisha.

Halafu usiku wa kileleni ndo utaelewa. Mnatoka kambi ya Barafu mida ya saa sita usiku, kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 na oksijeni unayovuta huko juu ni kama nusu ya ile ya Dar, jamaa mwenye kifua cha gym anakaa chini analia na dada mwembamba anapita zake polepole, sababu hapo kichwa nacho kinachoka, ubongo peke yake unakula kama asilimia 20 ya nguvu za mwili hata ukiwa umekaa tu.

Ndo maana naumia kweli nikisikia mpagazi anaitwa mtu wa nguvu tu. Yule ni fundi, alipwe kama fundi, na mnaopanga bajeti ya safari msianze kukata kwake.