Samasoti ukutani: kumbukumbu ya pumzi yangu

Wiki ya 1. Nilijifunza kuogelea ukubwani, na hadi sasa nimekuwa nikigeuka kwa kushika ukuta, navuta pumzi mbili tatu, naondoka. Nimeamua kugeuka kwa samasoti, yaani kupinduka kichwa chini mbele ya ukuta na kujisukuma kwa miguu. Nilidhani kazi itakuwa kupinduka. Kumbe mwili unapinduka vizuri tu. Kazi iko kwenye pumzi. Nimejaribu mara sita, na mara tano maji yamenipanda puani hadi nyuma ya macho kukawaka moto.

Wiki ya 2. Kosa nimeliona. Mstari mweusi wa sakafuni huishia kwenye alama ya T, mita 2 kabla ya ukuta. Nikiiona tu naingiwa na hofu, natoa pumzi yote kwa mkupuo mmoja. Nikija kupinduka, kifua ni kitupu. Na kichwa kikiwa chini, matundu ya pua yanatazama juu. Bila hewa ya kuyasukuma, maji yatakosaje kuingia?

Basi nimerudi kwenye kina kifupi, mbali na ukuta, napinduka papo hapo huku nikiguna "mmmm". Mdomo ukiwa umefungwa, huwezi kutoa sauti hiyo bila hewa kupita puani, kwa hiyo sikio linanieleza kila kitu. Mguno ukikatika katikati ya mzunguko, hapohapo maji yanaingia. Nimerudia mpaka mguno ukadumu tangu kidevu kinapoinama hadi miguu inapotua. Si lazima uwe mkubwa. Uzi mwembamba wa mapovu unatosha.

Wiki ya 4. Pua kavu! Ila sasa natoka ukutani nikiwa na kiu kali ya hewa. Kinachoibana roho hivyo hasa ni hewa ya ukaa iliyojilimbikiza, kwa sababu nilikuwa naizuia pumzi njia nzima nikiitunzia ukuta. Dawa iko mbali na ukuta: kutoa pumzi polepole kila uso unapokuwa majini, na kubakiza kiasi cha ule mguno.

Pumzi ya mwisho naivuta mivuto miwili ya mkono kabla ya ukuta. Mvuto wa mwisho macho yako chini. Nilipokuwa napumua kwenye mvuto wa mwisho kabisa, kichwa kilinyanyuka, nyonga zikazama, na samasoti ikawa nzito.

Kuhema harakaharaka kabla ya kuanza ili nisihisi kiu hiyo, sifanyi, na nakuomba nawe usifanye. Kunapunguza hewa ya ukaa, onyo linachelewa, na mtu anaweza kuzimia chini ya maji bila dalili yoyote.

Wiki ya 7. Baada ya kujisukuma, waogeleaji wa mashindano ya mtindo huru wanaruhusiwa kukaa chini ya maji hadi mita 15. Mimi naibuka kabla ya bendera zilizotundikwa juu ya maji mita 5 kutoka ukutani, na sioni haja ya zaidi. Mvuto wa kwanza sipumui. Wa pili napumua. Kuusubiri huo wa pili ndiko kugumu kuliko yote.

Leo nimeogelea mita 225 kwenye bwawa la mita 25, samasoti nane mfululizo. Sita zimekaa sawa. Ya tano na ya nane nimepumua kwenye mvuto wa kwanza, na mara zote mbili nilikuwa nimeukaribia ukuta kwa kasi kuliko kawaida. Wiki ijayo napunguza mwendo kidogo, idadi inabaki nane.